Kutoka Mombasa Hadi Namugongo kwa Miguu: Mwongozo wa Mzigo Mwepesi na Moyo wa Shukrani

Kila mwaka Pasaka ikishapita, jumuiya za Mombasa huanza na maswali yale yale: nani anakwenda Namugongo, Uganda, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda, basi linaondoka lini, nauli ni ngapi. Wengi hupanda basi, hufika tarehe 2 Juni, husali tarehe 3 na kurudi na dumu la maji. Hakuna ubaya. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wachache wanaotaka kuifanya safari hiyo kwa miguu, na hasa wale wanaosema wanatafuta kupumua, kuishi na vitu vichache, kujifunza kushukuru tena.

Niseme mapema ninachoamini, ili usiyekubaliana nami usipoteze muda. Kutembea peke yake hakumfundishi mtu shukrani. Nimetembea na watu waliofika Namugongo wakinung'unika kama walivyoondoka. Wepesi hupangwa nyumbani, kabla ya kufunga mkoba. Shukrani huja siku unapokubali kusaidiwa, na watu wa pwani kwa kukirimu hatushindiki, lakini kukirimiwa ndiko kunakotutoa jasho. Aliyebeba kila kitu hana haja na mtu, kwa hiyo hana wa kumshukuru. Aliyekwenda mikono mitupu naye huwa mzigo kwa mama wa Bugiri, mji wa njiani huko Uganda, ambaye ana watoto wake wa kulisha. Kazi yote ya maandalizi ni kutafuta mahali pa katikati.

Mombasa inahusikaje

Watu huidhani hija hii kuwa ya Waganda na Waluhya, sisi wa pwani tumedandia tu. Historia inasema vingine. Askofu James Hannington wa Kianglikana alifika Freretown, hapa hapa Mombasa, mwanzoni mwa 1885, na Julai mwaka huo akaondoka Rabai kwa miguu na msafara wa wapagazi, akielekea Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, kupitia nchi ya Wamasai. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga, jirani na Buganda upande wa mashariki, kwa amri ya Kabaka, yaani mfalme, Mwanga II. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa na cheo ndani ya ikulu, alimlaumu kabaka kwa mauaji hayo, naye akauawa Novemba 15. Mwaka uliofuata ukaja moto wa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, alipochomwa Charles Lwanga na vijana wenzake kwa ajili ya imani yao. Vijana hao walitembezwa wakiwa wamefungwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo. Ndiyo maana hija hii tangu asili ni ya miguu.

Mashahidi wanaokumbukwa ni 45: Wakatoliki 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana 23. Kuna jambo ambalo majirani zetu Waislamu hupenda kulisikia: miaka ya 1870, chini ya Kabaka Mutesa I, Waislamu nao waliuawa Namugongo kwa ajili ya imani yao. Kwa hiyo jirani yako wa Majengo akikuletea tende za safari, mwambie na hilo. Ana ndugu zake pale.

Hesabu siku kuanzia mwisho

Usianze kupanga kutoka Mombasa. Kati ya hapa na Nairobi kuna Tsavo, na Tsavo ina tembo na simba wasiojua kwamba wewe ni hujaji. Barabara yenyewe imejaa malori usiku na mchana. Panda basi, au treni hadi Nairobi kisha basi, ufike mpakani Busia, uanzie hapo. Kutoka Busia hadi Namugongo ni chini kidogo ya kilomita 200, na kwa mtu wa kawaida aliyejizoesha ni siku nane za kutembea na moja ya kupumzika.

Sasa rudi nyuma kwenye kalenda. Sikukuu ni tarehe 3 Juni. Novena, yaani sala ya siku tisa, huanza Mei 25. Ukivuka mpaka Mei 24 na kuanza kutembea kesho yake, unakwenda sambamba na novena, unafika Juni 2, na kila siku ya njia ina sala yake. Mpango huo unapendeza, lakini una kasoro moja: siku ya mwisho unafika wakati umati umeshafurika na huna pa kulaza ubavu. Mimi napendelea kufika Mei 31 au Juni 1, uoge, ulale, uikute sikukuu ukiwa na macho.

Njia yenyewe: Busia, halafu msitu wa Busitema, unatokea Namutere kwenye barabara kuu itokayo Malaba, kisha Bugiri, Iganga, Jinja, unavuka mto Nile, Mabira, Lugazi, Mukono, Namugongo. Kipande cha Iganga hadi Jinja ni kama kilomita 40, kigawe mara mbili. Siku ya mapumziko iweke Jinja. Mabira ni msitu mkubwa; ingia asubuhi, na kundi, utoke kabla jua halijageuka.

Karatasi ni chache. Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kishughulikie mapema, kwa kuwa chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa. Ukishakuwa nacho hudumu maisha yote. Karatasi ya tatu ndiyo watu huisahau: barua ya paroko wako, yenye muhuri, ikisema nyinyi ni akina nani, mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Usiku mkifika parokia ngeni mkiwa mmelowa na mmechoka, muhuri ule husema haraka kuliko nyinyi.

Mazoezi: kisiwa ni tambarare, Busoga si tambarare

Anza Februari au Machi, joto likiwa kali. Ukizoea kutembea Mombasa mwezi Machi, hali ya hewa ya Uganda utaiona zawadi, ingawa usiku utatetemeka. Jinja iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwili wa mtu wa Likoni haujui baridi.

Mwezi wa kwanza tembea mara tatu kwa wiki, saa moja hadi moja na nusu, kabla jua halijachomoza. Adhana ya alfajiri ndiyo kengele, ikiita uwe tayari umefunga kamba za viatu. Kutoka Mama Ngina hadi Ngome ya Yesu, uzunguke Mji wa Kale, urudi. Mwezi wa pili ongeza safari moja ndefu kila Jumamosi: kutoka kisiwani, Daraja la Nyali, Kengeleni, Bamburi, Shanzu hadi Mtwapa. Hapo una kama kilomita 16. Rudi kwa matatu, usione haya. Likoni hadi Ukunda ni ndefu zaidi, kama 25.

Vilima utavipata Mazeras na Rabai. Panda matatu hadi Mazeras uanzie pale, maana kutembea Changamwe na Miritini katikati ya matrela ni kujitafutia ajali bila faida yoyote ya kiroho. Rabai yenyewe inafaa kwa maandalizi ya moyo pia. Krapf na Rebmann walianzisha misheni pale mwaka 1846, miaka miwili baada ya Krapf kumzika mkewe na mtoto wao mchanga upande wa Nyali. Kaa pale kidogo kabla ya kurudi.

Mwezi wa mwisho fanya zoezi ambalo wengi hulikwepa: siku mbili mfululizo, Jumamosi na Jumapili, kilomita 20 na ushee kila siku, ukiwa na mkoba wako kamili. Siku ya kwanza haikufundishi kitu. Asubuhi ya pili, unapokanyaga sakafu na nyayo zinalia, ndipo unapojua viatu vyako na wewe mmeelewana au la.

Mkoba

Kipimo kinachotumika sana na watembeaji wa masafa marefu ni sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Una kilo 60, mkoba usizidi kilo 6, na maji yamo humo. Wanaotembea Hispania kwenda Santiago de Compostela husema hivyo hivyo, na wenzetu wale wana nyumba za mahujaji kila baada ya kilomita chache. Sisi hatuna, lakini kipimo hakibadiliki kwa sababu mgongo ni ule ule.

Tandaza kila kitu kitandani. Kisha chukua kimoja kimoja ujiulize: hiki kisipokuwepo, nitafanya nini? Jibu likiwa "nitamwomba mwenzangu" au "nitanunua Iganga", kirudishe kabatini. Jibu likiwa "nitaumia", kibaki. Wengi hubeba vitu vya hofu. Suruali ya tatu ni hofu ya kuonekana mchafu. Pakiti nne za biskuti ni hofu ya njaa katika nchi yenye matoke kila kona.

Sisi tuna kitu kimoja ambacho hao wa mbali hawana. Leso kwa mwanamke na kikoi kwa mwanamume. Kikoi kimoja ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kilemba cha jua, ni kombeo la mkono ulioteguka, na jioni ndicho vazi unalovaa huku suruali yako pekee ikikauka. Beba viwili vyepesi, acha taulo, acha shuka, acha pajama. Hapo umepunguza karibu kilo nzima na hujapungukiwa.

Kilichobaki ni kifupi: nguo uliyovaa na nyingine moja, soksi jozi tatu, sweta, koti jepesi la mvua (mvua za masika huenda zisiwe zimekwisha), chandarua kidogo, godoro jembamba la sponji la kukunja, tochi ya kichwani, kizibao kinachong'aa, chupa mbili za maji za lita moja moja, sabuni ya mche iliyokatwa nusu, dawa zako, sindano na uzi, rozari. Simu moja na chaja. Ndala za jioni. Akina mama wafikirie pia siku zao. Mwendo mrefu huweza kuzivuruga tarehe, kwa hiyo pedi ziwemo hata kama hesabu inasema bado.

Kuhusu gari la mizigo. Makundi mengi hukodi pikapu ifuatane nao, na humo hutupwa masanduku, magodoro, sufuria na hata viti vya plastiki. Nina neno juu ya hilo. Gari libebe maji, sanduku la huduma ya kwanza na mgonjwa. Mzigo wako ubebe mwenyewe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na dereva wa pikapu ataona masanduku yenu mepesi tu, lakini wewe ndiye utakayepoteza nafasi ya kujua kwamba maisha yako ya siku kumi yanatosha kwenye kilo sita.

Miguu, kwa kina

Hapa sitapita haraka, maana hija nyingi huishia kidoleni.

Viatu viwe vikubwa nusu namba au hata namba moja kuliko kawaida yako, kwa sababu mguu huvimba ukitembea. Si lazima viwe vipya wala vya bei. Kongowea kuna mitumba ya viatu vya kukimbilia ambavyo vimeshalainika. Muhimu ni kukikunja kiatu katikati. Kikijikunja kama chapati kimekufa, kiache. Angalia soli kwa nyuma pia: ikiwa imelika upande mmoja, mwenye kiatu wa kwanza alikuwa na mwendo wake na atakulazimisha uufuate. Vaa viatu hivyo kwenye mazoezi yote.

Asubuhi, kabla ya soksi, paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, kisiginoni, na kokote panaposuguana, mapajani pia. Kila baada ya saa moja na nusu hivi, kaa, vua viatu, vua soksi, acha nyayo zipigwe upepo kwa dakika kumi. Kundi litakunung'unikia siku ya kwanza. Siku ya tatu wote watakuwa wamevua.

Lengelenge halianzi kama lengelenge. Huanza kama joto, sehemu moja inayowaka kidogo. Hapo ndipo pa kusimama, si "tukifika pale mbele". Kausha, bandika plasta inayoshika vizuri, badilisha soksi. Ukichelewa na maji yakajaa, na lengelenge ni dogo lisilouma, liache na ulifunike. Likiwa kubwa linalokuzuia kukanyaga, osha mikono na ngozi kwa sabuni, safisha sindano kwa spiriti, toboa ukingoni mwa chini mahali pawili, kamua taratibu kwa kitambaa safi, na ngozi ya juu usiichune hata kidogo. Hiyo ngozi ndiyo bandeji bora uliyonayo. Funika. Kesho yake angalia: wekundu unaosambaa, usaha au homa ni safari ya zahanati, si ya Iganga.

Usimeze dawa za maumivu ili uongeze mwendo. Maumivu yanakupa habari.

Na maji: kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Ukiharisha na huna pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, changanya lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojazwa kupita kiasi na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima, usikadirie, kwa sababu chumvi ikizidi ina madhara yake.

Tembeeni upande wa kulia wa barabara, mkitazama magari yanayokuja, mstari mmoja, wa mbele na wa nyuma wakiwa na vizibao. Barabara hiyo ni ile ile inayoanzia bandarini kwetu. Utashangaa, uko katikati ya Busoga, trela linapita, na kontena lake pengine uliliona Kilindini juma lililopita. Madereva wakisikia Kiswahili cha Mombasa hupiga honi, wengine husimama. Mmoja alitusimamia karibu na Bugiri, kijana wa Changamwe, akashuka na chungwa mkononi, akalimenya taratibu huku akituuliza kama mvua imeshanyesha kwao. Akagawa vipande, akapanda, akaondoka. Akikupa lifti na wewe ni mzima, mshukuru uendelee kutembea. Ukiwa mgonjwa, panda. Hakuna malaika anayehesabu kilomita.

Chakula na pesa

Hapa ni kwa ufupi. Badilisha fedha kidogo kidogo, usitembee na kitita. Beba tende, karanga au korosho za siku mbili, zaidi ya hapo unabeba duka. Njiani kuna kikomando, yaani chapati iliyokatwa ikachanganywa na maharagwe, kuna rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, na kuna posho, ambayo ni sima yetu. Najjembe, pale Mabira, wanauza kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma. Hapo hata mimi ninayehubiri wepesi huacha kuhubiri. Mle vinavyofanana, wote, hata kama mmoja wenu ana uwezo wa hoteli. Kundi likianza kula kwenye meza mbili limeshagawanyika.

Namna ya kupokea

Nimesema kukirimiwa ndiko kunakotushinda, na hapa ndipo shukrani ilipolala. Mtu wa pwani akikaribishwa chakula husema "nimeshiba", akingoja asihiwe mara ya pili na ya tatu. Kwetu huo ni ustaarabu. Njiani, mama aliyekuona umechoka hajui mchezo huo. Ukisema umeshiba, atakuamini, na ameshaumia kidogo. Kubali mara ya kwanza. Pokea kwa mikono miwili, kaa chini alipokuonyesha, kula hapo hapo, usifunge ukaenda nacho.

Kuna asubuhi mama mmoja alitutolea uji wa mahindi bila sukari kwenye vikombe vya plastiki, na vikombe vilikuwa vinne, sisi tulikuwa wengi. Akasimama akingoja wa kwanza wamalize, asuuze, awape wengine. Hakuwa na haraka. Wenzangu wawili walitaka kutoa pesa pale pale. Tukawazuia. Pesa mkononi, kikombe kikiwa bado kinafuka, hugeuza ukarimu kuwa biashara, na yeye hakuwa anauza.

Lakini pia usimwache mtu na pengo. Kabla ya kuondoka mahali mlipolala, fagieni, rudisheni mikeka, chotea wenyeji maji, osheni masufuria. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nanyi jembe lishikeni asubuhi ile ile, kwa kuwa siku ya tatu hamtakuwepo. Mkiona nyumba ina hali ngumu, mmoja aende dukani arudi na sukari na sabuni, awape watoto wapeleke ndani. Parokia iliyowalaza, wekeni kitu kwenye sanduku la sadaka. Hesabu fungu hilo tangu Mombasa, liwe sehemu ya bajeti.

Lugha isikutie hofu. Upande wa Busia na Bugiri Kiswahili kinaeleweka vizuri. Ukikaribia Mukono kinapungua, na wapo wazee ambao kwao kiliwahi kuwa lugha ya askari. Usikilazimishe. Jifunze "webale nnyo" ya kushukuru, na "ssebo" na "nnyabo" za heshima kwa baba na mama. Ukiyatamka kwa lafudhi ya Mombasa watacheka, na kicheko hicho hufungua mlango.

Kila jioni, jina na tendo

Sala ya jioni ya kundi huwa na sehemu ya shukrani, na mara nyingi hujaa maneno mapana: tunakushukuru kwa yote, kwa uzima, kwa ulinzi. Maneno hayo si mabaya, ila hayana uso. Wekeni sharti: kila mtu ataje mtu mmoja wa siku ile na alichofanya. "Kijana wa bodaboda aliyetuonyesha kisima." "Fulani, aliyenibebea godoro kilima cha mwisho." Kama hukujua jina lake, eleza alivyovaa. Mkianza hivi, siku ya pili utajikuta unauliza watu majina mchana ili jioni usikose la kusema. Hilo swali dogo, "unaitwa nani?", hubadili mwendo mzima, kwa kuwa anayeulizwa jina naye hukuuliza lako.

Mmoja awe mwandishi, aandike majina hayo na namba za simu za waliowalaza. Daftari hilo litatumika mkirudi.

Saa ya kwanza ya asubuhi iwe ya kimya. Hakuna rozari ya pamoja, hakuna wimbo, hakuna simu. Simu zizimwe hadi mapumziko ya mchana, isipokuwa ya kiongozi. Nyumbani waambie mapema kwamba utapiga jioni tu, la sivyo watadhani umeliwa na chui wa Mabira.

Wengine watakupa nia zao uzibebe: mtoto anayefanya mtihani, mume asiye na kazi, ndoa iliyokwama. Kubali, ziandike kwenye kijidaftari kidogo, na zipitie moja moja ukitembea. Mtu mwenye nia ya mwenzake miguuni hulalamika kidogo kuliko mwenye nia yake peke yake.

Siku mbaya

Itakuja, aghalabu siku ya tatu au ya nne. Mvua, malengelenge, mwenzako anayekoroma, kiongozi anayejifanya askofu. Siku hiyo usimhubirie mtu shukrani. Anayechechemea hahitaji kuambiwa kwamba kuna wasio na miguu. Anahitaji umpokee mkoba wake hadi kwenye mti ule. Kama ni wewe, sema wazi: leo nimekasirika, niacheni nitembee nyuma. Watu wazima huelewa.

Ugomvi wa pesa ukizuka, umalizeni usiku huo huo, hesabu ziwekwe mezani. Ukilala nao unatembea nao kilomita 30.

Na kama mwili umegoma kabisa, panda matatu ukawangoje wenzako Mukono. Wengine waliowahi kuchukua uamuzi huo waliniambia kwamba kukaa kituoni ukiwapikia wenzako chai kulikuwa kugumu kuliko kutembea.

Namugongo na kurudi

Ukifika utakuta umati wa ajabu. Basilika imejengwa kwa umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, ikishikwa na nguzo 22, na pembeni kuna ziwa la kuchimbwa ambako mahujaji huchota maji. Wekeni mahali pa kukutania kabla ya kuingia, maana simu hukwama kwa wingi wa watu. Watembelee Waanglikana pia, madhabahu yao haiko mbali. Wa Mombasa tuna sababu ya ziada, ya Hannington.

Sasa suala la maji. Kila jirani atakuwa amekuagiza. Ukisema ndiyo kwa wote, utarudi na dumu la lita 20, na wepesi wote uliojifunza utakuwa umeishia kwenye buti la basi. Waambie kabla hujaondoka: nabeba chupa moja ndogo, tutagawana kwa kifuniko. Tiketi ya kurudi inunuliwe mapema, kwa kuwa tarehe 4 Juni mabasi hujaa na nauli hupanda, na kwa miguu iliyovimba omba kiti cha kando ya njia, unyooshe goti.

Juma la kwanza nyumbani, fungua lile daftari. Mgawane namba, kila mtu apige tatu au nne: mama wa uji kama ana simu, katekista wa Iganga, padre aliyewafungulia darasa saa tatu usiku. Waambie mmefika. Wengi huahidiwa simu hiyo na hawaipati. Viatu, kama bado vina soli, vioshe uviweke kwa atakayetaka kwenda mwakani na hana vya kununua. Namba ya mguu iandike ndani ya ulimi wa kiatu kwa kalamu ya wino mzito.